Bledi ya Trekta Dogo: Nunua Ile Ambayo Fundi wa Sake Anaweza Kuifufua

Mvua ikinyesha usiku kucha juu ya vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini, asubuhi barabara za Kirotshe huwa na shida nyingi. Pikipiki yenye madumu ya maziwa imesimama katikati ya mteremko, dereva ameshuka anaisukuma kwa bega. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imejaa viazi na imezamisha gurudumu la mbele katika mtaro ambao maji yameuchimba katikati ya njia. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Kirotshe anabebwa kwa kipoyi, wanaume wanne wakitafuta pa kukanyaga. Maziwa yakichelewa kufika Goma yanachacha. Mgonjwa akichelewa, hasara yake haina bei.

Ndiyo maana wafugaji na wakulima wanaochanga fedha zao huuliza kama trekta dogo lenye bledi ya nyuma lingewafaa kusawazisha njia za mashamba. Makala hii ni yao: chama cha wafugaji, ushirika wa wakulima, mwenye shamba, au kamati ya kutunza barabara. Nalitanguliza neno langu kubwa. Huku kwetu, bledi inayodumu si ile isiyovunjika kamwe, kwa maana katika mawe ya lava kila chuma kina siku yake. Inayodumu ni ile inayovunjikia mahali pa bei ndogo, ambayo fundi wa Sake au wa Goma anaweza kuirudisha kazini kabla wiki haijaisha. Shauri lote linalofuata limejengwa juu ya neno hilo.

Kwanza, je, njia yenu inaifaa bledi?

Bledi ya nyuma ni bamba la chuma lililopinda kidogo, lililofungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta, miwili chini na mmoja juu. Chini ya bamba kuna kisu, yaani ukanda wa chuma kigumu unaokwangua ardhi. Bamba huzungushwa ili likae mshazari na kuusukuma udongo upande mmoja. Bledi nyingine huweza pia kuinamishwa, pembe moja ikawa chini kuliko nyingine, na hiyo ndiyo inayochonga mfereji.

Chombo hiki hukwangua, husambaza na hurudisha udongo mahali pake. Hakichimbi mwamba, wala hakijazi bonde. Njia iliyokwisha kuliwa na maji mpaka kimo cha kiuno inahitaji kwanza mikono ya watu, mawe na sururu. Bledi hufaa njia ambayo bado ina umbo, ili isilipoteze.

Pili, tazameni mteremko. Ukanda wa ziwani kati ya Sake na Minova una sehemu tambarare ambako trekta la nguvu farasi 25 au 40 linaweza kufanya kazi kwa usalama. Ukipanda kuelekea Mushaki au Ngungu, hali ni nyingine. Trekta dogo lina matairi yaliyokaribiana na uzito ulio juu, na tairi moja likiteleza kwenye ukingo uliolowa, linapinduka kabla dereva hajatamka neno. Msinunue trekta lisilo na upinde wa chuma wa kumkinga dereva na mkanda wa kiti. Na pale ambapo ng'ombe mwenyewe hutembea kwa kuinama, acheni trekta nyumbani, tumieni jembe na beleshi.

Tatu, jueni njia ni ya nani. Barabara kuu ya Goma hadi Bukavu, RN2, ni ya taifa na iko chini ya Office des Routes. Fedha za matunzo hupita katika mfuko wa FONER, ulioundwa kwa sheria ya 2008. Njia za kutoka mashambani ziko chini ya ofisi ya OVDA, zamani idara ya DVDA, na vijiji vingi vya Kongo vina kamati za kutunza barabara, CLER, ambazo wafanyakazi wake hutumia zana za mkono. Trekta lenu lisiwanyang'anye watu hao kazi. Liwafuate: wao wafungue mifereji na kujaza mashimo makubwa, bledi ipite baada yao.

Uzito na upana

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kuchagua bledi nyepesi kwa sababu bei yake inapendeza. Bledi ya kilo 80 au 100 ikikutana na ardhi ngumu ya kiangazi huteleza juu yake kama sahani. Uzito ndio unaokifanya kisu kiume. Mikono ya nyuma ya matrekta mengi madogo huinua chombo na kukishusha, lakini haikikandamizi ardhini. Kwa hiyo uzito lazima uwe ndani ya bledi yenyewe. Kwa trekta la nguvu farasi 30 na zaidi, tafuteni bledi inayokaribia kilo 200, kisha someni kitabu cha trekta kujua mikono yake inainua kilo ngapi na sehemu ya mbele itabaki na uzito gani. Mbele ikiwa nyepesi, usukani hauna kazi.

Kuna tabia moja naomba ikome kabisa: kumkalisha kijana juu ya bledi ili kuongeza uzito. Jiwe moja likigusa kisu, kijana huyo yuko chini ya chuma. Mkihitaji uzito, fundi achomelee kikapu cha chuma juu ya fremu, mkijaze mawe ya lava na kuyafunga.

Kuhusu upana, fanyeni hesabu kabla ya kulipa. Bledi inapokaa mshazari, upana inaokwangua hupungua. Kwa mshazari wa nyuzi 30, bledi ya mita 1.5 hukwangua mita 1.3 tu. Ikiwa matairi ya nyuma, ukipima kutoka nje hadi nje, yana mita 1.4, basi kingo za matairi zitakanyaga mahali ambapo kisu hakitapita. Bledi ya mita 1.8 kwa mshazari huo huo hukwangua karibu mita 1.56, ikayafunika matairi na kubakiza kidogo kila upande. Lakini pana mno nayo ni mzigo: trekta litazungusha matairi bila kwenda, na pembe ya mbali ya bamba ikigonga jiwe itaikunja fremu kwa nguvu zaidi, kwa kuwa iko mbali na kiini.

Mahali inapovunjikia

Ukipita penye gereji utaziona bledi zilizokufa, na nyingi zimekufa ugonjwa mmoja. Bamba bado ni zima, rangi haijafifia, lakini mhimili umekunjika. Mhimili ni ile nguzo nene ya wima ambayo bamba huzunguka juu yake. Kila pigo la jiwe upande wa kushoto au wa kulia huja kuishia hapo. Basi mkifika kwa muuzaji, msianze na bamba. Inameni, mtazame mhimili na kipande kinachoushika. Je, mhimili ni chuma kizima au ni bomba? Je, umeshikwa juu na chini, au upande mmoja tu? Je, mtu anaweza kuutoa na kuweka mwingine, au umechomelewa ndani moja kwa moja? Mhimili unaotoka ni wa kupendelewa, kwa sababu fundi mwenye mashine ya kuchonga chuma anaweza kuwatengenezea mwingine.

Baada ya mhimili, tazameni pini ya kufungia mshazari. Lile bati lenye matundu, ambamo pini huingizwa kuchagua kiasi cha mshazari, liwe nene. Bati jembamba hutanuka, tundu la mviringo likawa la yai, na bamba likaanza kuyumba. Hapo ndipo penye busara ninayoisema: pini iwe dhaifu kuliko mhimili. Jiwe likigonga, pini ikatike. Pini mnaibeba mfukoni, mhimili hamwezi.

Kagueni pia mikono ya kufungia. Matrekta madogo mengi hutumia vipimo vya daraja la kwanza, pini za chini zikiwa za milimita 22 na ya juu milimita 19. Daraja la pili hutumia milimita 28 chini na 25 juu. Bledi ya daraja la pili kwenye trekta la daraja la kwanza haiingii bila kubadilishiwa pini. Ya daraja la kwanza kwenye trekta kubwa itakunjwa, kwani nguvu ya mashine imeizidi. Chukueni rula, msitegemee maneno.

Kisu: sehemu inayokufa ili nyingine ziishi

Kisu ni kama soli ya kiatu, kimeumbwa kiishe. Bledi isiyo na kisu cha kubadilisha, ambayo bamba lenyewe ndilo linalokwangua, ni bledi ya kutupwa. Katika udongo wenye vipande vya lava, bamba hulika kutoka chini kama kitambaa kilichoguswa na moto, na hakuna wa kulirudisha.

Tafuteni kisu kilichofungwa kwa bolti, chenye unene wa milimita 12 hivi na upana wa sentimita 15, chenye matundu yaliyolingana juu na chini. Matundu ya namna hiyo yana maana kubwa: upande mmoja ukiisha, mnakigeuza na kutumia wa pili. Mmenunua kimoja, mkapata viwili. Bolti ziwe na kichwa kinachozama ndani ya kisu na shingo ya mraba inayozuia kuzunguka. Zile zilizoandikwa 8.8 au 10.9 kichwani ni imara kuliko zisizo na alama. Siku ya kununua, ombeni kisu cha akiba na bolti za akiba katika bei ile ile. Vipuri vyetu vingi hutoka mbali, vikipita Mombasa na Kampala au mpaka wa Gisenyi, na njia hizo zimekwisha kufungwa mara nyingi bila taarifa.

Kisu cha kiwandani kisipopatikana, fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta visu vilivyochakaa vya greda kubwa za kampuni za barabara. Hata kilichobaki nusu, ukikikata kwa gesi, kinatosha trekta dogo. Ya pili ni springi za lori, zile ambazo wahunzi hufulia mapanga. Springi ni ngumu kutoboa, kwa hiyo fundi huichoma mpaka iwe nyekundu, akainyoosha, kisha akaizika ndani ya majivu makavu usiku mzima ipoe polepole. Asubuhi inatobolewa. Msikubali ichomelewe moja kwa moja kwenye bamba. Chuma cha namna hiyo, kikichomelewa bila kupashwa moto na kupozwa taratibu, hupasuka pembeni ya mshono, na siku kikiisha mtalazimika kukata bamba lenyewe. Bolti ni rafiki wa mwenye fedha kidogo.

Mkinunua iliyotumika

Bledi iliyotumika inaweza kuwa bora kuliko mpya nyepesi, lakini rangi mpya juu ya chuma cha zamani itiliwe shaka. Nendeni na vitu vinne: tupa, nyundo, chupa ndogo ya mafuta ya taa, na kipande cha chaki.

Tupa hupima ugumu wa kisu. Ikiteleza bila kuuma, chuma ni kigumu. Ikiuma kwa urahisi kama inavyouma nondo ya kawaida, hicho ni chuma laini kilichowekwa kwa kuuzia. Nyundo hupima mishono: gonga taratibu, usikilize. Chuma kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Mafuta ya taa huthibitisha. Yapake juu ya mshono unaoutilia shaka, subiri kidogo, pangusa mpaka pakauke, kisha paka chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mwishowe, tazama bledi kutoka nyuma, jicho likiwa usawa wa bamba. Bamba lililopinda kama upinde halitasawazisha kitu.

Kwa ambao hawana fedha ya bledi

Msikate tamaa, kwani gogo linaweza kufanya kazi kubwa. Mwaka 1896 mkulima mmoja wa Maitland katika jimbo la Missouri, Marekani, D. Ward King, alianza kuiburuta njia ya mbele ya shamba lake kwa kifaa cha mbao kilichovutwa na farasi. Njia yake ikawa inapitika mvua ilipowashinda majirani. Mwaka 1908 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha kijitabu kizima cha kuwafundisha wakulima kifaa hicho.

Nasi tunaweza kukitengeneza kwa mkalitusi wa Masisi. Chukueni gogo la unene wa sentimita 25 hadi 30 na urefu wa mita 2 au zaidi kidogo. Lipasueni katikati. Nusu mbili zisimamishwe kwa ukingo, moja nyuma ya nyingine, uso bapa ukitazama mbele, umbali wa sentimita 75 kati yao, zishikwe na miti mitatu migumu. Chini ya gogo la mbele, funga kipande cha springi kiwe kisu. Mnyororo ufungwe ili kifaa kivutwe mshazari, udongo usogee kuelekea katikati ya njia. Trekta, au gari dogo la shamba, linaweza kukivuta. Kikivunjika, dawa yake ni shoka na msumari. Na katika nchi hii ambayo vita vimetunyang'anya mali mara nyingi, gogo lina heri nyingine: hakuna anayekuja kuliiba.

Namna ya kuitumia bledi isife mapema

Bledi nyingi huuawa na haraka. Endesheni kwa mwendo wa mtu anayetembea, gia ya chini. Msikwangue kwa kurudi nyuma penye mawe, kwa kuwa fremu imeumbwa kuvuta kuliko kusukuma. Kabla ya kuanza, mtu atembee njia nzima kwa miguu na kuweka kijiti penye jiwe lililojificha. Karibu na Sake hili si la kupuuza: mlipuko wa Nyamulagira wa 1938 hadi 1940 ulimwaga lava mpaka ziwani, na mwamba wake unaweza kuwa sentimita chache tu chini ya vumbi. Baada ya saa ya kwanza ya kazi kwenye bledi mpya, kazeni bolti zote, maana rangi iliyo chini yake imekwisha kubonyea.

Chagueni siku. Udongo uliokauka kabisa hugeuka vumbi na kuondoka na upepo. Uliolowa kama uji hushika kisu na kuacha nyayo. Siku nzuri ni ile ambayo mvua imekatika na udongo unafinyangika mkononi bila kunata. Kwa sababu hiyo hiyo, vijiji vingi huweka vizuizi vya mvua, malori yasubiri saa chache njia ikauke. Vizuizi hivyo viheshimiwe, hata mwenye lori akiwa na jina kubwa. Lori moja la saa tisa usiku hufuta kazi ya bledi ya wiki mbili.

Maji ndiyo mwenye barabara

Hapa nitakaza, kwa sababu nimeona njia zilizoharibiwa na bledi yenyewe. Dereva asiyefundishwa hukwangua kila msimu na kuuacha udongo pembeni kama tuta. Njia inashuka mwaka hadi mwaka, mashamba yanabaki juu, na siku moja barabara inakuwa mto. Udongo lazima urudi katikati. Njia ya upana wa mita 4 iwe na mgongo: katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 8 hadi 10, maji yaanguke pande zote mbili. Kila baada ya umbali mfupi, na mfupi zaidi penye mteremko, mfereji upate mlango wa kumwaga maji nje, kabla hayajapata nguvu.

Na mlango huo humwaga wapi? Kwenye shamba la mtu. Basi kabla ya kuchonga, mkae na mwenye shamba, mbele ya chifu wa kijiji. Baba huyo akiona maji yanaelekezwa kwenye nyasi au migomba yake na si katikati ya maharage, atakuwa mlinzi wa mfereji. Asipoulizwa, atauziba usiku, na haki atakuwa nayo.

Mkutano wa mwisho kabla ya kulipa

Chama kikikaa kuamua, msianze na swali la trekta gani. Anzeni kwa kuitembea njia siku ya mvua, mkiwa na kijana mwenye daftari anayeandika kila mahali maji yanapoingia na yanapotoka. Safari hiyo haitawagharimu faranga moja. Kisha mwiteni fundi atakayeitunza bledi, aende nanyi kwa muuzaji, ashike mhimili kwa mkono wake na aseme mbele yenu: hiki nitakiweza, hiki sitakiweza. Neno lake lipite la muuzaji.

Andikeni pia nani anashika ufunguo, nani anapaka grisi, nani anachangia kisu kijacho. Wekeni kiasi kidogo kwa kila dumu la maziwa linalopita juu ya njia iliyosawazishwa, kiwe cha kisu tu. Kisu kitaisha, hilo ni la hakika. Siku kitakapoisha, bolti ziwe ndani ya boksi, fundi awe anajua kazi yake, na maziwa ya kesho yashuke Goma kabla jua halijawa kali.